Mama Mwenye Mtoto Mchanga na Sala Zake



Wazee wetu walisema: Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Maneno haya huyaelewa barabara mama aliyejifungua karibuni. Kabla ya hapo alijua saa zake. Alitawadha kwa utulivu, akatandika mkeka wake, akasali, na baada ya sala akakaa kitambo akimkumbuka Mola wake. Mtoto akishazaliwa, saa zote hugeuka zikawa za mtoto. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika usiku na mchana, na baina ya kunyonya huko kuna winda la kubadilisha, nguo za kufua, maji ya kuchota, na chungu kilichoko jikoni. Adhana ya Adhuhuri husikika naye amempakata mtoto. Akimlaza, mtoto hulia. Akiisha kutawadha, kanga aliyoivaa imekwisha kulowa. Jioni huingia akiwa hana nguvu, na moyoni mna sauti inayomwambia: Zamani nilikuwa karibu na Mungu, sasa niko mbali Naye.

Huzuni hii huwapata zaidi akina dada walioingia katika Uislamu siku za karibuni. Aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu amemwona mama yake akisali na mtoto mgongoni, na amemsikia bibi yake akileta tasbihi huku anapepeta mchele. Dada aliyesilimu hana kumbukumbu hizo. Hudhani kwamba kumwabudu Mungu kunahitaji nyumba iliyo kimya na saa nzima isiyo na shughuli, naye akiikosa saa hiyo hudhani amemkosa Mungu pia.

Tena yako hatari moja ambayo yafaa tuitaje waziwazi. Sheria ya Uislamu imemsamehe mama sala za siku za nifasi, ambazo kwa wingi wake hufika 40, wala hatakiwi kuzilipa baadaye. Huo ni msamaha na rehema. Lakini siku hizo zikiisha, wengine hawarudi kwenye mkeka. Shetani hamwambii mama huyu aiache dini yake, kwani akimwambia hivyo atamkataa. Humwambia tu: Ngoja kidogo, mtoto akue. Na mtoto huyo akishaota meno na kutambaa, mwingine amekwisha kuzaliwa. Hivyo ndivyo roho ya mtu huweza kufa njaa katika nyumba ambayo kila mtoto ameshiba.

Basi tuulize: Uislamu unamwambia nini mama huyu?

Akina mama watatu

Kurani Tukufu na Hadithi zinatueleza habari za akina mama watatu waliokuwa na watoto wachanga katika saa nzito, na wote watatu walikuwa vipenzi vya Mwenyezi Mungu.

Wa kwanza ni mama yake Nabii Musa (a.s.). Farao alikuwa akiwaua watoto wa kiume wa Wana wa Israeli. Katika hofu ile, kama isimuliwavyo katika Sura Al-Qasas, Mwenyezi Mungu alimpelekea mama huyo wahyi. Wale wanaodhani kwamba Mungu hasemi ila na Manabii, na wazingatie hapa: aliyesemeshwa ni mwanamke, wala hakuwa Nabii. Na amri ya kwanza aliyopewa ni ipi? Aliamrishwa amnyonyeshe mtoto wake. Amri ya kumtia mtoni ilikuja baada ya hiyo, wakati hofu itakapozidi. Ewe mama unayedhani kwamba maziwa yako yamekutenga na Mungu, tazama jinsi Mungu alivyoanza kusema na mama huyu kwa habari ya maziwa yake.

Wa pili ni Bibi Maryam, mama yake Nabii Isa (a.s.). Sura Maryam inatueleza kwamba uchungu wa kuzaa ulimpeleka kwenye shina la mtende, naye akalemewa hata akatamani kama angalikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Je, Mwenyezi Mungu alimkemea kwa udhaifu huo? La hasha! Alimfariji, akamwonyesha maji chini yake na tende mbivu juu yake, akamwambia ale, anywe, na aburudishe macho yake. Hivyo rehema ya kwanza aliyopewa mzazi huyu ilikuwa ni chakula, maji na kitulizo. Mama aliyejifungua ambaye hujinyima chakula na usingizi kwa kudhani kwamba ndio ucha Mungu, na atafakari aya hizi.

Wa tatu ni Bibi Hajira. Nabii Ibrahimu (a.s.) alimwacha katika bonde la Makka, lisilo na mimea, pamoja na mtoto Ismail aliyekuwa bado ananyonya. Maji yalipokwisha, na mtoto akawa anagaagaa kwa kiu, mama alikimbia kati ya vilima vya Safa na Marwa mara 7 akitafuta msaada. Hakupata kitu huko juu. Maji ya Zamzam yalitokea bondeni, pale alipokuwa mtoto. Akanywa, akamnyonyesha mwanawe.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Mamilioni ya Waislamu wanaokwenda Hija, wanaume kwa wanawake, wafalme kwa maskini, wanaamrishwa kwenda kati ya Safa na Marwa mara 7. Wanafuata nyayo za nani? Wanafuata nyayo za mama aliyekuwa akihangaika kwa ajili ya mtoto mchanga! Mahangaiko ya mama yule yamekuwa ibada ya umma mzima mpaka leo. Na yamo mafundisho mengine. Mama mwenye mtoto aghalabu hutazama vilimani, akidhani kwamba Mungu yuko kule penye utulivu asioweza kuufikia. Yamkini chemchemi yake itatoka karibu na miguu ya mtoto wake.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) na watoto katika sala

Huenda mtu akasema: Hizo ni habari za kale, sala yetu ina sharti zake, na mtoto huiharibu. Basi na tumtazame yeye aliyetufundisha sala hiyo.

Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alisema kwamba alikuwa akisimama katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuwa hakutaka kumtaabisha mama yake. Yeye ndiye aliyesema kwamba kitulizo cha jicho lake kimewekwa katika sala. Hata hivyo aliipunguza furaha yake hiyo kwa ajili ya moyo wa mama mmoja aliyesimama safu za nyuma. Twajifunza hapa mambo mawili. Akina mama waliokuwa na watoto wachanga walikuwa wakifika msikitini, wala hawakufukuzwa. Tena sala fupi kwa sababu ya mtoto si sala iliyopungua thamani, maana aliifupisha yeye aliye mbora wa wenye kusali.

Sahaba Abu Qatada (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akisali huku amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab. Alipokwenda kusujudu alimweka chini, na aliposimama alimbeba tena. Imepokewa pia kwamba safari moja alirefusha sijida mno, hata Masahaba wakadhani limetokea jambo. Alipoulizwa, alieleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Na alipoletewa mtoto mchanga, akakojoa katika nguo yake, hakumkemea mama wala hakumtupa mtoto. Aliagiza maji, akayamimina mahali pale, basi.

Ewe dada mpendwa, dini ni hii. Mtoto wako akilia nawe unasali, waweza kumwinua, ukamshika, na ukaendelea. Akikaribia moto au kisima, yakupasa kuikata sala, umwokoe, kisha uianze upya. Kumnyonyesha hakuvunji udhu wako.

Swali la mwenye kutafuta

Baadhi ya ndugu wanaoichunguza dini yetu huuliza: Je, si afadhali mama huyu aachwe asali wakati apatapo nafasi? Sala 5 zenye nyakati maalumu si mzigo kwake?

Swali hili ni zuri, na jibu lake linapatikana kwa kuyatazama maisha yenyewe. Mwenye mtoto mchanga akingojea nafasi, haipati. Kazi ya nyumba haina mwisho wake. Kila saa huleta jambo lake. Dini ikimwambia asali akipata utulivu, huenda ukapita mwezi mzima asiseme na Mola wake. Lakini sala yenye wakati wake humjia yeye alipo. Humwambia: Weka chini ulichoshika, kwa dakika chache wewe si mtumishi wa mtu yeyote, wewe ni mja wa Mungu. Je, katika siku nzima ya mama huyu ni nani mwingine amwambiaye apumzike?

Tena sheria iliyoweka nyakati ndiyo iliyoweka wepesi. Mama amesamehewa sala katika nifasi. Mwenye kunyonyesha amepewa ruhusa asifunge mwezi wa Ramadhani. Mwanamke hakufaradhishiwa kwenda katika sala ya Ijumaa. Asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala. Na Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuunganisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina, bila hofu wala mvua, ili asiutaabishe umma wake. Jambo hili si la kufanya mazoea. Lakini siku ambayo mtoto ana homa na mama hakufumba jicho, mlango huo uko wazi.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Uislamu haukubali utawa wa kukimbia ndoa na watoto ili kumpata Mungu. Kurani Tukufu inautaja utawa huo katika Sura Al-Hadid kuwa ni kitu walichokibuni watu wenyewe. Kwa hiyo hapana budi njia ya kumfikia Mungu ipite katika nyumba yenye watoto. Kama haipiti humo, basi nusu ya wanadamu wangefungiwa mlango katika miaka iliyo bora ya umri wao.

Kulea hakuchukui nafasi ya sala

Lakini tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wako wasemao: Kulea ni ibada, nami nalea usiku na mchana, basi inatosha. Naam, kulea ni ibada kwa mwenye nia njema. Hata hivyo Bibi Hajira, ambaye mahangaiko yake yamekuwa ibada ya umma, aliachwa katika bonde lile ili sala isimamishwe hapo, ndivyo Nabii Ibrahimu (a.s.) alivyoomba katika Sura Ibrahim. Mtoto ni amana ya Mungu. Mtu aliyepewa amana na mfalme, akashughulika nayo hata asimsalimu mfalme mwenyewe, hakuielewa amana ile.

Mwenendo wa siku

Sasa tuseme mambo machache ya kutenda. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Wazee wetu nao walisema: Haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza, katika siku za nifasi usiuache wakati wa sala upite kimya. Adhana isikikapo, kaa mahali ulipozoea kusali, umkumbuke Mungu kwa zikri na dua kwa muda mfupi. Zikri haihitaji udhu. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akimkumbuka Mungu katika hali zake zote. Ukifanya hivyo, siku utakapooga na kutakata, mkeka utakuwa bado ni rafiki yako.

Pili, weka tayari kanga moja safi ya kusalia, isiyotumika kwa kazi nyingine, na uitundike mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Wengi wamechelewa sala kwa sababu tu ya kutafuta nguo iliyo tohara. Mtoto alazwe juu ya mkeka kando yako, mahali utakapomwona.

Tatu, kila umnyonyeshapo anza kwa Bismillahi, na umalize kwa Alhamdulillahi, katikati mswalie Mtume (s.a.w.). Kama ananyonya mara 8 hadi 12, basi umepata nafasi nyingi kuliko sala 5 za faradhi. Kurani Tukufu imetaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza, na siku hizi Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Fikiri ni zikri kiasi gani yaweza kuingia katika miaka 2! Tena mtoto huijua sauti ya mama yake tangu siku za kwanza za kuzaliwa. Adhana aliyosomewa sikioni alipozaliwa ilisomwa mara moja. Sauti yako ataisikia kila siku.

Nne, mtoto akuamshapo saa tisa za usiku, usinung'unike. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika theluthi ya mwisho ya usiku Mola wetu huwa karibu na waja Wake, akiwaitikia waombao. Waumini wangapi wanatamani kuamka saa hiyo kwa ajili ya tahajjud, na usingizi ukawashinda! Wewe umeletewa mwamshaji nyumbani. Akisharudi kulala, ukiwa na nguvu, sali rakaa 2. Usipokuwa nazo, omba dua ukiwa umelala pale pale, kwa kuwa Sura Aali Imran inawasifu wanaomkumbuka Mungu wakiwa wamesimama, wameketi, au wamelala ubavuni. Na usingizi ukikulemea, lala. Mtume (s.a.w.) alimwagiza mwenye kusinzia katika sala yake apumzike kwanza, asije akajiombea mabaya bila kujua.

Tano, kabla ya kulala shika zawadi aliyopewa Bibi Fatima (r.a.). Mikono yake ilikuwa imeumia kwa kusaga nafaka, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Usiku Mtume (s.a.w.) aliwafikia yeye na mumewe Ali (r.a.) wakiwa wamekwisha kupanda kitandani, akawaambia wasiinuke, akaketi baina yao. Akawafundisha kwamba jambo lililo bora kwao kuliko mtumishi ni kusema Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34. Ali (r.a.) alisema kwamba hakuacha tasbihi hiyo tena, hata katika usiku wa vita vya Siffin. Maneno haya 100 yaliletwa kwa mama wa nyumbani aliyechoka, kitandani kwake, naye hakutakiwa hata kuinuka.

Neno kwa akina baba na kwa jirani

Wewe baba, usisome makala haya ukadhani hayakuhusu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Yakupasa umshike mtoto ili mama yake asali kwa utulivu. Baba anayewahi safu ya kwanza msikitini huku mkewe amekosa sala ya Alasiri kwa sababu hakuna wa kumpokea mtoto, na ajiulize ameacha nini nyuma yake.

Nanyi akina mama mliokwisha kulea, hasa mlio katika Lajna Imaillah, chama cha wanawake wa Jumuiya yetu kilichoanzishwa mwaka 1922, mtembeleeni dada aliyesilimu na akajifungua. Mpelekeeni uji, kisha mpokeeni mtoto kwa robo saa tu, asali. Yumkini hana mama wala shangazi wa Kiislamu. Ninyi ndio jamaa zake.

Ewe mama mpendwa, miezi hii itapita. Mtoto ataachishwa ziwa, atatembea, na siku moja atasimama kando yako juu ya mkeka akiiga unavyoinama na unavyosujudu, kabla hajajua neno moja la Sura Fatiha. Atakachokiiga siku hiyo ni kile unachokitenda sasa katika uchovu wako. Ikiwa ulikwisha kuacha sala, usingoje kesho. Wakati wa sala ifuatayo umekaribia, anza na hiyo, hata kama mtoto yuko mikononi mwako.

Ee Mwenyezi Mungu, Uliyemlisha Maryam chini ya mtende, Uliyetuliza moyo wa mama yake Musa, na Uliyemtolea Hajira maji katika jangwa, wahurumie akina mama wote wenye watoto wachanga. Zipokee sala zao fupi, uwape nguvu katika usiku wao, na uwafanye watoto wao kuwa kitulizo cha macho na wenye kusimamisha sala. Amin.